Thomas Odhiambo: Mwanasayansi aliyefanya wadudu kuwa walimu wake, na somo lake kwa shule za Runingu

RUNINGU, Uvira – Katika bonde la Ruzizi, kaskazini mwa mji wa Uvira, mtoto anawajua wadudu kabla ya kujua kusoma. Anajua kiwavi anayetoboa mahindi ya mama yake. Anajua mchwa wanaojenga kichuguu kando ya shamba la mihogo, na nyigu anayefinyanga udongo chini ya paa. Lakini siku anapoingia darasani, sayansi inageuka kuwa mchoro ubaoni na maneno ya Kifaransa ya kunakili, kukariri na kurudisha siku ya mtihani. Yale anayoyajua kutoka shambani yanabaki nje ya mlango.

Mtu mmoja wa Afrika Mashariki alitumia maisha yake yote kuonyesha kwamba mlango huo unaweza kufunguliwa. Ni Thomas Risley Odhiambo, Mkenya, aliyefariki mwaka wa 2003. Katika vyuo vikuu vya Afrika jina lake linajulikana sana, ila katika shule za grupema ya Runingu na bonde lote hilo halitajwi mara nyingi. Hata hivyo, wadudu aliowachunguza, mazao aliyotaka kuyaokoa na magonjwa aliyotaka kuyapunguza ni vile vile ambavyo wakaaji wa Uvira wanapambana navyo.

Kutoka Mombasa hadi Makerere

Odhiambo alizaliwa Mombasa, kwenye pwani ya Kenya, tarehe 4 Februari 1931. Kenya ilikuwa koloni la Uingereza, na mtoto mweusi aliyepata nafasi ya kuendelea na shule ya sekondari alikuwa mmoja kati ya wengi waliobaki nyumbani. Yeye aliipata nafasi hiyo Maseno, shule maarufu ya misheni iliyo upande wa Ziwa Victoria, halafu akaendelea na chuo cha Makerere, mjini Kampala. Wakati huo Makerere ndiyo ilikuwa chemchemi ya elimu ya juu kwa vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika.

Baada ya masomo alipata kazi Uganda, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Kawanda, karibu na Kampala. Kazi yake ilikuwa wadudu. Uganda iliishi kwa pamba na kahawa, na serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni wadudu gani wanaoharibu mazao hayo. Wazee wa bonde la Ruzizi wanaielewa hali hiyo bila maelezo marefu, kwa sababu pamba ililimwa huku pia wakati wa Wabelgiji, na mkulima aliyeona vitumba vyake vikianguka kabla ya kufunguka alijua hasara yake kabla mzungu hajafika kupima.

Kijana Odhiambo hakuishia kuhesabu wadudu waharibifu. Aliwapanga, akawachora, akawapa majina wale ambao hawakuwa na jina katika vitabu. Kuanzia mwaka wa 1958 alianza kuchapisha kwenye majarida ya Uingereza makala kuhusu jamii ya wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, wakiwamo wale wa pamba. Waafrika waliokuwa wakiandika katika majarida hayo kipindi hicho walikuwa wachache mno.

Baba anayelinda mayai

Mwaka wa 1959 alitoa makala ambayo mpaka leo inatajwa na wanaochunguza tabia za wanyama. Ilihusu mdudu mwindaji wa jamii ya kunguni, ambaye anakamata wadudu wengine na kuwafyonza. Odhiambo alieleza kwamba kwa mdudu huyu si mama anayebaki na mayai. Ni dume anayesimama juu yake siku kwa siku, akiyalinda yasiguswe na nyigu wadogo wanaotafuta mayai ya wengine ili watage ndani yake.

Inafaa kufikiria kazi hiyo ilihitaji nini. Haikuhitaji mashine ya gharama kubwa. Ilihitaji mtu anayekaa, anayeangalia, anayeandika saa na tarehe, na anayerudi kesho mahali pale pale. Kalamu, daftari na subira vilitosha kuleta jambo jipya katika elimu ya dunia. Mwalimu wa biolojia asiye na maabara hakosi vitu hivyo vitatu.

Mwaka huo huo Odhiambo alikwenda Uingereza, kwenye Chuo Kikuu cha Cambridge. Hapo alikuta Vincent Wigglesworth, mtaalamu mkubwa kabisa wa miili ya wadudu. Tangu miaka ya 1930, Wigglesworth alikuwa ameonyesha kwamba mdudu hukua kwa amri za kemikali zinazotoka ndani ya kichwa chake. Moja ya kemikali hizo, ambayo wataalamu wanaiita homoni ya utoto, inamzuia kiwavi asikomae kabla ya wakati. Ikiwepo, anabaki mtoto. Ikikoma, anageuka kuwa mtu mzima mwenye mabawa.

Odhiambo alichukua njia hiyo na kuielekeza kwa mdudu ambaye Afrika inamwogopa tangu zamani: nzige wa jangwani. Alichunguza vitezi vidogo vilivyo karibu na ubongo wa nzige dume, akionyesha jinsi vinavyoongoza mafuta ya mwili wake na tamaa yake ya kupanda jike. Alimaliza udaktari wake mwaka wa 1965 na kurudi nyumbani, Kenya ikiwa imekwisha kupata uhuru.

Wazo la kuazima siri za wadudu

Wakati Odhiambo anarudi Nairobi kufundisha, dunia ilikuwa imeanza kutilia shaka dawa kali za kuua wadudu. DDT na nyingine zilifanya kazi kwa haraka, kisha wadudu wakazizoea, na sumu ikabaki katika maji, samaki na maziwa. Swali lilikuwa je, kuna njia nyingine?

Jibu la Odhiambo na wenzake lilikuwa kwamba njia ipo, na wadudu wenyewe ndio wanaoijua. Ikiwa mdudu anakua kwa amri ya homoni, basi amri hiyo hiyo ikitolewa wakati usiofaa itamvuruga. Ikiwa anamtafuta mwenzake kwa harufu, harufu hiyo inaweza kuwa mtego. Ikiwa ana adui wake wa asili, adui huyo anaweza kuwa rafiki wa mkulima. Leo watu wanaita njia hii teknolojia inayoiga asili. Miaka ya 1960 haikuwa na jina linalojulikana, na wengi waliiona kama ndoto.

Mwaka wa 1967 Odhiambo aliandika katika jarida la Science la Marekani makala kuhusu Afrika Mashariki na sayansi kwa maendeleo. Aliomba bara hili lijenge vituo vichache lakini vya kiwango cha juu kabisa, ambapo Waafrika watafanya utafiti wa msingi badala ya kupokea tu matokeo yaliyopikwa ng'ambo. Karibu na wakati huo, Carl Djerassi, mwanakemia wa Marekani aliyejulikana kwa kazi iliyozaa vidonge vya uzazi wa mpango, naye alikuwa akiwashawishi wanasayansi wenzake kwamba kituo cha namna hiyo kinaweza kufanya kazi katika nchi maskini. Mawazo hayo mawili yakakutana.

Duduville, kijiji cha wadudu

Mwaka wa 1970 kituo kikazaliwa Nairobi. Jina lake rasmi ni Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, lakini dunia yote inakijua kama ICIPE. Odhiambo akawa mkurugenzi wake wa kwanza, na akabaki kwenye kiti hicho hadi mwaka wa 1994. Mwanzo ulikuwa mdogo, kwenye majengo ya kawaida ya Chiromo, katika chuo kikuu cha Nairobi. Akademia za sayansi za nchi mbalimbali zilikubali kukisimamia na kutuma wataalamu wao waje kufanya kazi na vijana Waafrika.

Baadaye makao makuu yalihamia Kasarani, nje kidogo ya jiji, mahali palipopewa jina ambalo kila msemaji wa Kiswahili analielewa: Duduville. Kituo kingine cha majaribio kilijengwa Mbita, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, katikati ya mashamba ya mahindi na mtama ya wakulima wadogo.

Njia haikuwa laini. Miaka ya kwanza kazi nyingi za ICIPE zilikuwa za ndani ya maabara: tezi za nzige, tabia za mchwa, uzazi wa mbung'o. Wafadhili waliuliza mkulima anafaidika nini na vitu hivyo, na lini. Odhiambo alishikilia kwamba asiyejua jinsi mdudu anavyoishi hawezi kumshinda. Lakini aliisikia lawama pia, na polepole kituo kikasogea kutoka kwenye kioo cha kukuzia hadi shambani.

Mtego unaojifanya ng'ombe

Mfano unaoeleweka haraka ni ule wa mbung'o, inzi anayeeneza ugonjwa wa malale, ambao wengi wanauita ugonjwa wa usingizi. Wakaaji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wana kumbukumbu chungu ya ugonjwa huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliua watu wengi kwenye fuko za ziwa hilo, na watawala wa kikoloni wakawahamisha watu kutoka vijiji vya karibu na maji.

Mbung'o hamwoni ng'ombe kama sisi tunavyomwona. Anafuata harufu na rangi. Watafiti wa Zimbabwe walionyesha kwamba anavutwa na asetoni, kitu kilichomo katika pumzi ya ng'ombe. Kule Afrika Magharibi, Wafaransa Challier na Laveissière walikuwa wametengeneza mwaka wa 1973 mtego wa kitambaa wenye umbo la koni mbili. Mwaka wa 1986 kundi la ICIPE likiwa na mwanakemia Ahmed Hassanali lilitambua katika mkojo wa nyati kemikali zinazomwita mbung'o kutoka mbali.

Mambo hayo yote yakaunganishwa Nguruman, kusini mwa Kenya, kwenye nchi ya Wamasai. Mtego ulioitwa NGU, kwa kufuata jina la mahali hapo, ulitengenezwa kwa vitu rahisi: kitambaa cha buluu kinachomvuta inzi, kitambaa cheusi anachotua juu yake, na neti juu inayoingiza mwanga. Mbung'o akiisha kutua hupanda kuelekea mwangaza, na hapo ananaswa. Kando ya mtego kuliwekwa mkojo wa ng'ombe na asetoni. Wafugaji wenyewe walishiriki kazi hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mbung'o wa eneo la majaribio walipungua kwa zaidi ya asilimia 90, bila ndege kumwaga sumu juu ya mapori.

Kwa mwalimu, mtego huo ni masomo matatu katika kitambaa kimoja. Fizika imo, kwa kuwa rangi na mwanga vinaongoza mwendo wa inzi. Kemia imo, kwa kuwa harufu ni chembe zinazotoka kwenye mkojo na kusafiri na upepo. Hesabu nayo imo, kwa kuwa anayehesabu inzi wa leo na wa wiki ijayo lazima atafute asilimia. Hakuna haja ya kuwapeleka watoto kwenye pori la mbung'o, ambako kuna hatari. Inzi wa kawaida wa kwenye soko la samaki wanatosha kulinganisha rangi mbili za vitambaa.

Vuta-sukuma

Tunda lingine la nyumba aliyoijenga Odhiambo liliiva yeye alipokuwa akiondoka. Kuanzia mwaka wa 1993 na 1994, huko Mbita, mtafiti Zeyaur Khan na wenzake wa ICIPE, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walianza kuchunguza nondo ambaye viwavi wake hutoboa shina la mahindi. Odhiambo hakuivumbua njia hii kwa mikono yake, ila ilitoka moja kwa moja katika fikra yake ya kumsikiliza mdudu kwanza.

Wakenya wanaiita vuta-sukuma. Katikati ya mistari ya mahindi kunapandwa desmodiamu, mmea unaotambaa wa jamii ya maharagwe. Harufu yake inamsukuma nondo nje ya shamba. Pembeni, kuzunguka shamba, kunapandwa matete yale yanayolisha ng'ombe. Harufu ya matete inamvuta nondo, naye anataga mayai huko. Viwavi wakianza kutoboa, matete hutoa utomvu wa kunata, na wengi wanafia humo. Faida haziishi hapo. Desmodiamu inarutubisha udongo, inazuia gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na pamoja na matete inakuwa chakula cha mifugo. Mwaka wa 1997 kundi hilo lilionyesha katika jarida la Nature kwamba jani lingine lililopandwa katikati ya mahindi linaita pia nyigu wadogo wanaowaua viwavi.

Tangu mwaka wa 2016 kiwavi mpya kutoka Amerika ameingia Afrika na kuenea katika nchi nyingi, Kongo ikiwamo. Ni yule anayekula moyo wa mahindi na kuacha unga kama wa mbao iliyokatwa kwa msumeno. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2018 na watu wa ICIPE ulionyesha kwamba mashamba ya vuta-sukuma yalikuwa na viwavi hao wachache sana kuliko mashamba ya mahindi peke yake. Kwa mama wa bonde la Ruzizi asiye na pesa za kununua dawa kila msimu, hiyo ni tofauti kati ya kuvuna na kutovuna.

Aliyemrithi Odhiambo mwaka wa 1994, Hans Herren wa Uswisi, alikuja na historia inayowagusa Wakongomani zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mdudu mweupe mfano wa unga alionekana kwenye mihogo ya pande za Kinshasa na Brazzaville, halafu akaenea sehemu kubwa ya Afrika, akikausha sombe na kuacha shina tupu. Mwaka wa 1981 adui wake wa asili, nyigu mdogo kuliko punje ya mchele, alipatikana Paraguay. Herren na wenzake walimleta Afrika, wakamzalisha na kumwachilia nchi baada ya nchi. Mihogo ikapona bila mkulima kununua chupa hata moja ya sumu. Kazi hiyo ilimpatia Herren Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka wa 1995.

Kuwafundisha wengine

Odhiambo aliona mapema kwamba kituo kizuri kisicho na vijana wa kukirithi kitakufa na mwanzilishi wake. Mwaka wa 1983 ICIPE na vyuo vikuu vya Afrika walianzisha programu ya kuwafundisha Waafrika hadi udaktari katika sayansi ya wadudu, utafiti wao wakiufanya barani kwao. Mwaka wa 1980 lilikuwa limeanza jarida la wadudu wa nchi za joto, ambalo Odhiambo alilihariri, ili matokeo ya Afrika yasisubiri ruhusa ya Ulaya kusomwa.

Mwaka wa 1985 alikuwa mstari wa mbele kuanzisha Akademia ya Sayansi ya Afrika, yenye makao Nairobi, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka wa 1987 alipewa Tuzo ya Afrika ya Uongozi kwa ajili ya kumaliza njaa, pamoja na rais wa Senegali wa wakati huo, Abdou Diouf. Mwanasayansi wa wadudu na mkuu wa nchi walisimama bega kwa bega, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Lakini kuna vita moja ambayo hakuishinda. Mwaka wa 1980, mjini Lagos, viongozi wa Afrika waliahidi kufikia asilimia 1 ya pato la nchi zao kwa ajili ya sayansi na teknolojia. Nchi nyingi hazijafika hapo hata leo. Odhiambo alizunguka ikulu na mikutano akidai ahadi hiyo, huku kituo chake chenyewe kikiendelea kutegemea sana pesa za wafadhili wa nje. Hilo ndilo doa linalobaki katika hadithi yake: nyumba ya Kiafrika, yenye akili za Kiafrika, iliyojengwa kwa sehemu kubwa kwa mifuko ya wengine.

Alifariki Nairobi tarehe 26 Mei 2003, akiwa na miaka 72. Kituo cha Mbita kwenye Ziwa Victoria kinaitwa sasa kwa jina lake.

Kinachoweza kufanyika Runingu

Maisha hayo yana maana gani kwa shule ya bonde la Ruzizi? Hali ya shule inajulikana. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure, na watoto wengi wameingia katika madarasa ambayo hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Vifaa vya sayansi ni haba. Lakini programu mpya ya sayansi kwa mwaka wa 7 na wa 8, iliyoanza kutumika mwaka wa 2018, inamwomba mwalimu aanze somo na hali ya maisha ya kila siku, si na ufafanuzi wa kukariri. Kwa maneno mengine, mwalimu anaruhusiwa kutoka nje na wanafunzi.

Na nje kuna vingi. Chini ya ukuta wa shule, mahali pakavu, kuna mdudu mdogo anayechimba shimo la mchanga lenye umbo la koni na kujificha chini. Chungu akikanyaga ukingo, mchanga unateleza na kumpeleka kinywani. Wafundi wa barabara wanaomwaga changarawe wanakutana na kanuni hiyo hiyo: kila mchanga una mwinuko wake, na ukiuzidisha, unaporomoka. Katika miaka ya 1960 programu ya sayansi kwa shule za msingi za Afrika ilitengeneza somo zima juu ya mdudu huyu, ambapo mtoto anamuuliza maswali na kutafuta jibu kwa kumwangalia, mwalimu akinyamaza.

Kichuguu cha mchwa nacho ni somo la joto na hewa. Mchwa wanahitaji hali isiyobadilika sana ndani, jua likiwaka au usiku ukipoa. Huko Harare, mchoraji majengo Mick Pearce alichukua fikra hiyo na kusimamisha jengo kubwa la Eastgate, lililofunguliwa mwaka wa 1996, ambalo linapoa kwa hewa inayopita katika kuta na mabomba yake, bila mashine za kawaida za baridi. Mwanafunzi mwenye kipimajoto kimoja anaweza kupima joto la asubuhi, la saa sita na la jioni, ndani ya shimo na nje, na kuchora mstari wake kwenye daftari.

Mstari wa mahindi nyuma ya shule unaweza kugawanywa sehemu mbili: moja mahindi peke yake, nyingine mahindi na mmea mwingine katikati. Kila wiki wanafunzi wanahesabu majani yaliyotobolewa. Mwisho wa msimu wanakuwa na takwimu zao wenyewe, na wazazi wanaopita njiani wanaona tofauti kwa macho, kama ipo. Isipokuwepo, hilo nalo ni jibu, na swali jipya linaanza. Hata mji wa Uvira wenyewe si mgeni wa utafiti. Tangu wakati wa Wabelgiji wanasayansi wamekuwa wakichunguza samaki na maji ya Tanganyika hapo, na kituo cha utafiti wa ziwa kipo mpaka leo.

Tofauti kati ya mtoto wa Runingu na Odhiambo alipokuwa na umri wake si wadudu, kwa kuwa hao wapo kote. Odhiambo alipata shule iliyomwacha aulize, na kituo kilichomlipa kwa kuangalia. Sehemu ya kwanza haihitaji mfadhili. Inahitaji mwalimu atakayekubali kwamba mtoto anayemjua kiwavi wa mahindi tayari ameleta darasani kitu ambacho hakimo katika kitabu.